Sura ya Sita: Spika ya Bei Kubwa Itakuongezea Nini?

Mtu akishajua kwamba unapiga muziki kwa kazi, swali moja halichelewi: ninunue spika gani? Anayeuliza huwa ameshazunguka maduka ya Kariakoo au ya Luthuli Avenue kule Nairobi. Ameona sabufa zilizoandikwa maelfu ya wati, ametajiwa bei ya mtambo wa hi-fi, yaani mtambo uliotengenezwa ili sauti itoke jinsi ilivyorekodiwa bila kuongezwa wala kupunguzwa, na sasa anataka kujua kama tofauti ya bei ni tofauti ya muziki au ya jina tu. Swali lake ni la haki, ila halijibiki mpaka tulijibu lingine lililo ndani yake: kusikia vizuri ni kusikia nini?

Kwa mpigaji, kusikia vizuri ni kuweza kumfuata kila mwenzako mmoja mmoja tangu wimbo unapoanza mpaka unapokwisha. Mtambo unaokuwezesha kufanya hivyo ni mzuri hata kama ni wa bei ndogo, na unaokunyima hilo ni mbaya hata ukitetemesha madirisha ya jirani. Nikipima kwa kipimo hicho, naona kwamba kinachowanyima watu wengi muziki majumbani mwao si uhafifu wa spika. Ni chumba, ni mahali spika ilipowekwa, ni kiasi cha sauti na ni faili lenyewe, na vyote hivyo hurekebishwa kwa fedha kidogo au bila fedha kabisa.

Mpigaji husikiliza nini

Chukua bendi ya muziki wa dansi kama DDC Mlimani Park, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1978. Waimbaji ndio wanaojulikana kwa majina, na tarumbeta ndizo zinazomvuta mtu aliye nje ya ukumbi. Lakini wimbo unabebwa na mazungumzo yanayoendelea chini yao. Gitaa la rithimu linarudia kipande kifupi cha nota chache bila kuchoka, gitaa la pili linajaza mianya iliyoachwa, solo linapita juu yao. Besi haipigi mfululizo. Inapiga nota mbili tatu, inanyamaza, kisha inaingia pale ambapo mchezaji hakuitarajia, na ukimya ule mfupi ndio unaomfanya mtu ainue mguu. Wimbo ukifika kwenye chemko, yaani ile sehemu ya mwisho ambapo waimbaji hupisha magitaa na ngoma, kila ala inasubiri nyingine imalize neno lake ndipo ijibu. Ukiziba sikio lako kwa besi peke yake, rithimu inabaki inaning'inia bila pa kukanyaga. Ukiziba kwa rithimu, solo linageuka mbwembwe. Wimbo bado utautambua, na kiitikio utaimba, ila hutajua kwa nini watu walikuwa wanajaa ukumbini.

Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, fanya jaribio hili kwa kifaa ulicho nacho. Halihitaji elimu ya nota.

- Chagua wimbo unaoujua vizuri, uliopigwa na bendi ya watu, si wa kompyuta pekee.
- Usikilize mara ya kwanza ukimfuata mpiga besi tu. Kila anapobadilisha nota, jaribu kuiguna kwa koo.
- Rudia ukifuata rithimu tu, kisha tumba tu.
- Angalia unampoteza nani, na wapi: waimbaji wanapoingia, sauti inapopanda, au tangu mwanzo.

Ukimpoteza mtu yuleyule katika kila wimbo, tatizo liko kwenye kifaa au chumba chako. Ukimpoteza katika wimbo mmoja tu, pengine hata aliyerekodi hakumnasa.

Mtambo hautoi kisichoingia

Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, upande mmoja wa sahani ya inchi 10, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ulibeba kama dakika tatu za muziki. Taarabu haina haraka hiyo, na wimbo mrefu wa siku zile ulipaswa kupunguzwa beti au kugawanywa pande mbili. Vipaza sauti vya wakati huo vilinasa vizuri sauti za katikati, za chini kabisa na za juu kabisa kidogo tu. Hakuna spika duniani, iwe ya shilingi laki moja au milioni mia, itakayoirudisha sauti ambayo haikuchongwa kwenye sahani ile. Kilichochongwa ni koo la mwimbaji, udi na fidla, na hivyo vinatosha kumfuata mtu.

Miaka ya 1970 na 1980 bendi za Tanzania zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa kawaida bendi ilipiga kwa pamoja utepe ukizunguka. Fundi mitambo alitafuta uwiano wa ala kabla ya kurekodi, kwa kumsogeza mmoja karibu na kipaza sauti na kumrudisha mwingine nyuma, na akishakosea hakuwa na nafasi kubwa ya kurekebisha baadaye. Hapa ndipo wengi hutoa pingamizi la kwanza: rekodi zile ni duni, mtambo mzuri utaonyesha tu udhaifu wake, ya nini kugharamika? Naikataa hoja hiyo. Waliokua na nyimbo hizo wengi walizisikia kwa redio ndogo ya betri, zikiwa zimerushwa kwa mawimbi ya kati au mafupi. Matangazo ya namna hiyo hukata sauti karibu na hezi 5,000. Hezi ni idadi ya mara ambazo hewa inatikisika kwa sekunde moja. Sikio la kijana husikia kuanzia 20 hivi hadi 20,000. Utepe wa studio ulikuwa umebeba mengi zaidi ya yaliyofika kwenye redio ile. Tunachokiita uduni wa rekodi, kwa sehemu kubwa, ni uduni wa njia iliyotuletea. Nakala nzuri ya utepe ikipigwa kwenye spika ya kadiri inayosema ukweli, besi inaachana na tumba, na ala mbili zilizokuwa zikisikika kama mngurumo mmoja zinakuwa watu wawili. Hiyo ni faida ya kweli ya hi-fi, na haitegemei kama rekodi ni ya njia moja ya sauti au ya mbili.

Rekodi za leo zina ugonjwa mwingine. Kila ala hurekodiwa peke yake, na mwishoni prodyuza hubana sauti, yaani hupunguza tofauti kati ya sehemu kali na sehemu tulivu ili wimbo mzima uweze kupandishwa na usizidiwe na wimbo wa jirani. Mtindo huu ulishika kasi tangu miaka ya 1990. Kubana kidogo ni kazi halali ya studio. Kukizidi, ngoma haina tena kishindo cha kwanza, mwimbaji anayenong'ona ana ukubwa uleule wa anayepaza, na msikilizaji anachoka bila kujua sababu. Spika nzuri haimponyi mtu na hilo.

Wati za kwenye boksi

Sasa turudi dukani. Kwenye maboksi mengi kuna herufi PMPO baada ya tarakimu kubwa. Maana yake ni kilele cha nguvu ambacho mtengenezaji anadai kifaa kinaweza kukifikia kwa kitambo kidogo sana, na hakuna kanuni moja inayomlazimisha akipime kwa namna fulani. Yeyote anaweza kuihakiki tarakimu hiyo kwa hesabu ya shule ya msingi. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230 hivi, na plagi ya pini tatu huwa na fyuzi isiyozidi ampia 13. Ukizidisha hupati hata wati 3,000, na huo ndio mpaka wa soketi yote, pasi na jiko la umeme zikiwemo. Boksi lililoandikwa wati 10,000 haliwezi kupiga muziki kwa nguvu hiyo. Ligeuze, usome kibandiko cha nyuma panapoandikwa umeme linaotumia. Ukikuta wati 60, basi nguvu inayotoka kwenye spika haiwezi kuendelea kuzidi hizo, kwa sababu hakuna kifaa kinachotoa zaidi ya kinachopewa.

Habari njema ni kwamba wati chache halisi zinatosha. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu, nguvu inapaswa kuongezwa karibu mara kumi. Ukiiongeza mara mbili tu, tofauti ni ndogo. Sebuleni, spika ya kawaida hutumia wati kadhaa tu muda mwingi. Kinachopaswa kukushughulisha ni jambo jingine ambalo boksi halikuambii: je, sabufa ile inatoa nota, au inatoa mvumo? Sabufa nyingi za bei ndogo zimetengenezwa ziwe na nguvu kwenye sauti moja ya chini, na kila nota ya besi inayopita inageuzwa kuwa mlio uleule. Mpiga besi anapanda na kushuka, wewe unasikia "du, du, du" za kimo kimoja. Watu hudhani wameongezewa besi, kumbe mpigaji ametolewa na mahali pake pamewekwa ngurumo. Nenda dukani na wimbo wako kwenye simu, uombe upigwe, na ujaribu kuiguna besi kama ulivyofanya nyumbani.

*Kwa ufupi:* soma kibandiko cha nyuma, si boksi. Na sikiliza kama nota za chini zinatofautiana, si kama zinatikisa meza.

Chumba cha futi kumi kwa kumi

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hakuna kitu kinachoharibu muziki majumbani mwetu kama hiki, na hakuna kinachozungumzwa kidogo kuliko hiki. Sauti husafiri hewani kama mita 343 kwa sekunde. Waya wa pili kutoka chini wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa, hutikisika mara 55 kwa sekunde. Gawanya, utaona kwamba wimbi moja la nota hiyo lina urefu wa zaidi ya mita 6. Sasa chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi kina upana wa mita 3 na kidogo, karibu sawasawa na nusu ya wimbi hilo. Wimbi linapogonga ukuta na kurudi, linakutana na jingine linalokwenda, na yanalingana kiasi kwamba yanasimama. Karibu na kuta nota hiyo inavuma kupita kiasi; katikati ya chumba inafifia mpaka karibu ipotee. Na kwa kuwa chumba ni mraba, jambo hilohilo linatokea kwa upana na kwa urefu, nota ileile ikipata taabu mara mbili.

Fikiria maana yake kwa mpiga besi aliyetumia miaka kujifunza kusawazisha vidole ili nota zake zote ziwe na uzito mmoja. Anapiga nota nne, na katika chumba hicho moja inalipuka, nyingine tatu ni za kawaida. Aliyekaa kwenye kochi lililogusa ukuta atasema besi imezidi. Aliyekaa kwenye kiti cha katikati atasema haipo. Wote wawili wanasikiliza spika moja, rekodi moja, kwa wakati mmoja, na hakuna anayekosea. Ukimnunulia kila mmoja wao mtambo wa mamilioni na kuuweka palepale, watabishana vilevile.

Juu ya hilo kuna kuta za saruji, sakafu ya vigae na dari lisilo na kitu, ambavyo hurudisha sauti za juu kama vilivyozipokea. Kila mpigo wa kinanda au wa sahani za drams unafika sikioni mara ya kwanza kutoka kwenye spika, kisha tena na tena kutoka ukutani, na maneno ya mwimbaji yanapakana rangi. Piga kofi moja katikati ya sebule iliyo tupu utausikia mlio mkali unaorukaruka kati ya kuta. Pazia zito, zulia, kochi la kitambaa, kabati lililojaa vitabu au nguo, vyote hivyo hunywa sehemu ya mlio huo. Godoro lililosimamishwa pembeni hufanya kazi nzuri kuliko vipande vingi vya sponji vinavyouzwa kwa jina la studio. Sauti za chini ni ngumu kuzinywa, hivyo dawa yake ni kuhama: itoe spika kwenye kona, maana kona huzidisha mvumo kuliko mahali pengine popote, isogeze mbali na ukuta kadiri nafasi inavyoruhusu, na uhamishe kiti chako kidogokidogo huku wimbo ukipigwa mpaka nota za besi zilingane. Spika mbili zikae kwenye kimo cha masikio, si juu ya kabati zikitazama dari, wala sakafuni nyuma ya meza.

Sauti kubwa hudanganya

Mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walionyesha kwamba sikio halisikii sauti zote kwa usawa. Muziki ukipigwa kwa sauti ndogo, za chini ndizo zinazopotea kwanza. Ukipandishwa, zinarudi na wimbo unaonekana umenenepa. Ndiyo sababu wimbo uleule ulio mtamu saa mbili usiku unakuwa mkavu saa sita, ulipoupunguza ili watoto walale. Ndiyo sababu pia muuzaji akilinganisha spika mbili, ile iliyopandishwa kidogo tu hushinda, hata kama tofauti ni ndogo kiasi kwamba husemi "hii ina kelele zaidi" bali unasema "hii ni safi zaidi". Ukitaka kulinganisha kwa haki, zisawazishe kwanza kwa sauti ya mwimbaji, ndipo ukae na kusikiliza. Wengi wakifanya hivyo huondoka na ile ya bei ndogo.

Faili, flashi na santuri

Hili nitalipita haraka. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hupima sauti mara 44,100 kila sekunde, na hakuna kitu cha maana kwa sikio ambacho inakiacha. Faili la MP3 la kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde hubeba sehemu 1 tu kati ya 11 ya data hiyo, likitupa yale ambayo linakisia hutayasikia. Likitengenezwa mara moja, kwa kiwango cha 256 au 320, wasikilizaji wengi hawalitofautishi na CD. Tatizo la kwetu ni safari: wimbo unatolewa kwenye video, unageuzwa MP3, unapelekwa kibanda cha kujaza nyimbo, unabanwa tena ili ziingie nyimbo mia tano kwenye flashi moja, na kila mara kinatupwa kitu. Sahani za drams zinakuwa kama maji yanayomwagika. Kabla ya kubadilisha spika, badilisha faili.

Wapenzi wa santuri wananiuliza kama santuri haina joto ambalo dijitali imelikosa. Joto lipo, na mimi nalipenda, lakini sehemu yake ni kasoro za santuri yenyewe, na sehemu nyingine ni kwamba anayeweka santuri hukaa chini na kusikiliza upande mzima. Hiyo ya pili unaweza kuifanya hata kwa flashi.

"Mimi naridhika na simu yangu"

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la mtu anayesema: nasikiliza kwa simu, nafurahi, machozi yananitoka panapostahili, kwa nini uniambie sisikii? Ana hoja. Sikio lina uwezo wa kushangaza wa kujaza kilichokosekana. Nota ya besi haina sauti moja tu. Ina mzizi wake wa chini na matawi mengi ya juu, na sikio likipata matawi linaweza kuukisia mzizi usiokuwepo. Spika ya simu hutoa kidogo sana chini ya hezi 300 hivi, wakati nyaya nne za besi zikipigwa wazi huanzia 41 na kuishia 98. Bado unaujua wimbo, na aliyeusikia ukumbini zamani anaujaza kwa kumbukumbu. Sina sababu ya kumwondolea mtu raha hiyo. Mapenzi ya wimbo hayapimwi kwa hezi.

Ila aliye na kumbukumbu na asiye nayo hawako sawa. Kijana wa miaka kumi na tisa ambaye hajawahi kuingia kwenye dansi la bendi kamili hana cha kujazia. Anachopewa na simu ndicho anachodhani kipo. Maprodyuza wanalijua hilo na husikiliza kazi zao kwenye simu kabla ya kuzitoa, kama inavyopaswa kwa anayeuza kwa watu wenye simu. Matokeo yake ni kwamba besi inaandikwa juu zaidi, au inakwaruzwa kwa makusudi ili matawi yake yasikike, na ile ya kunyamaza na kuingia kwa kushtukiza inaachwa, kwa sababu kwenye spika ya simu ukimya wa besi na mlio wa besi vinafanana. Hapo kifaa cha kusikilizia kimeshabadilisha upigaji wenyewe, na mpiga besi wa kuitwa studio anapunguziwa kazi na kibodi.

Tiba yake haihitaji mtambo wa mamilioni. Hedifoni za waya za kadiri, zile zinazoziba sikio vizuri, hufika kwenye besi bila shida na huruka matatizo yote ya chumba. Baada ya hizo, spika mbili ndogo za kuaminika zilizowekwa mahali pake ni bora kuliko sabufa moja kubwa iliyosukumwa kwenye kona. Baada ya hapo fedha za ziada huleta faida inayozidi kupungua, na mwenye nazo azitumie kwa furaha, akijua ananunua robo ya robo. Ningemshauri kwanza atenge sehemu yake alipie kiingilio usiku ambao bendi inapiga mbele ya watu, akasimame karibu na amplifaya ya besi. Atakaporudi kwenye spika zake, atakuwa anajua anachotafuta ndani yake, na atajua kama wamekitoa.